Mvumo Uliofutwa

Ilipofika saa tano na nusu asubuhi na foleni ya wenye mahindi ikapungua, fundi wa mashine ya kusaga alikuwa na desturi ambayo wateja wake walikwisha kuizoea, kama walivyoizoea harufu ya mkanda wa mpira ulioshika moto. Hakuizima mashine. Aliiacha izunguke tupu, akajikung'uta kichwa na mabega, akaketi juu ya gunia lililokunjwa mara nne na kuegemea ukuta uliokuwa ukitetemeka. Kisha alinyoosha mkono nyuma ya mizani, akatoa gitaa.

Mwenye mashine aliwahi kumuuliza kwa nini anachoma umeme bure. Fundi akamjibu kwa uso mkavu kwamba mota ya umri ule ikizimwa saa tano hununa mpaka saa nane. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa kifundi, na mwenye mashine hakuwa na elimu ya kuupinga.

Jina lake kamili lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Mtaani aliitwa Chokaa, kwa sababu kila jioni alitoka kazini mweupe kuanzia nyusi hadi kamba za viatu, kama ukuta uliopakwa jana. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa sababu ya kuinua magunia, na vidole vinene ambavyo mtu angeapa haviwezi kushika hata sindano. Vidole hivyo ndivyo vilivyodonoa nyuzi za gitaa, uzi mmoja baada ya mwingine, polepole, kama kuku mzoefu anayechagua punje.

Nyimbo zake hazikuwa za kuchangamsha mtu. Moja ilihusu kisima kilichokuwa kikiwachungulia watu badala ya watu kukichungulia. Nyingine ilihusu viatu vilivyotoka nyumbani vyenyewe asubuhi, na mwenye viatu akabaki mlangoni akiviita kwa majina. Aliziimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, na chini ya sauti hiyo na chini ya gitaa ulikuwapo mvumo wa mashine, mzito, usiopanda wala kushuka, usiopumua.

"Chokaa, huo wimbo unamtoa nani roho?" aliuliza siku moja muuza mkaa wa jirani, akiwa na debe lake kichwani.

"Anayechelewa kuchukua unga wake."

"Basi nipe wangu upesi, nina watoto wa kulea!"

Saa sita kamili mkewe aliwasili na chakula ndani ya bakuli lenye kifuniko. Walikuwa na mapacha, ambao sasa walikuwa watu wazima na makwao, na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Hakuwa na subira na jambo lolote duniani, isipokuwa hili moja ambalo hata yeye hakuwahi kulieleza: akimkuta mumewe katikati ya wimbo, alisimama kizingitini na bakuli mikononi mpaka wimbo uishe. Baada ya hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Chakula kimepoa. Ukiniuliza mimi, Baba Pacha, hizo ni nyimbo za kufukuzia wageni."

"Sijakuuliza."

"Ndiyo maana nakwambia."

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Gitaa lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la mdogo wake wa kufuatana, kijana mcheshi aliyefariki kwa homa ya siku nne. Baada ya mazishi mama yao hakuweza kuliona likining'inia ukutani bila kuishiwa nguvu, hivyo siku ya tatu Chokaa aliporudi kazini alikwenda nalo, akalificha nyuma ya mizani. Siku hiyo aliwasha mashine, akashangaa. Kila kitu nyumbani kilikuwa kimesimama, watu wakitembea kwa ncha za vidole, na hapa palikuwa na kitu kilichoendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu mwingine angechukizwa. Yeye aliegemeza mgongo ukutani, akauacha mvumo ule umshike, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaona kwamba hataanguka.

Hakuwa na mtu wa kumfundisha kulinganisha nyuzi. Alizikaza na kuzilegeza mpaka zikakubaliana na kitu pekee kilichokuwa na sauti ndani ya chumba kile, yaani mota. Ndiyo maana gitaa lake halikufanana na la mtu mwingine, na ndiyo maana alipolipeleka nyumbani siku za mapumziko lilisikika pungufu, kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Katika miaka yote hiyo alitunga nyimbo nane. Huenda mtunzi mwenye kujiamini zaidi angetunga mia. Yeye kila wimbo aliukaribia kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo hana hakika kama amealikwa.

Tatizo lilianza na ndege. Asubuhi moja alimwambia mkewe kwamba mwaka huu ndege wamehama mapema.

"Hawajahama," alisema Mama Pacha, akimtazama kwa namna ambayo hakuipenda. "Wamejaa hapo juu ya bati. Wewe ndiye uliyehama."

Hospitalini, dada wa kupima masikio alimfungia ndani ya kibanda kidogo, akamvika spika za masikioni na kumpa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo kitu. Chokaa alibonyeza, kisha akangoja, akangoja, akadhani chombo kimeharibika. Dada alipomtolea karatasi, mstari ulianza vizuri upande wa kushoto na kuporomoka upande wa kulia kama ngazi iliyovunjika.

"Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, baba," alisema kwa upole. "Nzito zitabaki kwa muda. Muda gani, siwezi kukuahidi."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akihesabu. Nyimbo nane, na hakuna hata moja iliyowahi kukaa nje ya kichwa chake. Hakutaka umaarufu, neno lenyewe lilimtia haya. Alitaka tu zisikike vizuri mara moja, zikiwa zimekamilika, na yeye akiwa bado na masikio ya kusema ndiyo, hizi ndizo.

Kwa bahati, dada yake alikuwa na binti aliyekuwa fundi mitambo katika kituo cha redio. Mpwa huyu alisifika kazini kwa jambo moja: kusafisha sauti. Angeweza kuchomoa kikohozi ndani ya hotuba bila hotuba kujua. Aliposikiliza wimbo wa kisima mara ya kwanza, akiwa amesimama kando ya mashine na vumbi la unga likimtua kwenye nywele, alishika mdomo.

"Mjomba, umekuwa ukificha kitu hiki miaka yote?"

"Sikuficha. Mlango uko wazi, watu wanaingia na madebe."

Mpwa alimweleza kwamba ziko nchi ambako watu hutengeneza muziki wa namna hii makusudi: gitaa la kudonoa kwa vidole, mvumo mmoja usiokatika, maneno kama ndoto za mtu mwenye homa. Huziweka nyimbo hizo pamoja katika albamu, na wasikilizaji hujifungia ndani na kuzisikiliza kwa heshima. Chokaa alicheka mpaka akakohoa. Kwamba duniani kulikuwa na watu wazima wengine wenye ugonjwa wake lilikuwa jambo la kumfariji na kumtia mashaka kwa wakati mmoja.

Walirekodi kwa asubuhi tatu mfululizo, katika saa ile ile ya foleni kupungua, mashine ikizunguka. Mpwa aliweka maikrofoni karibu na gitaa, akafunga kinasa sauti kwa kitambaa kukikinga na unga, akasikiliza akiwa amekunja uso. Chokaa alidhani amekunja uso kwa sababu ya uzito wa nyimbo.

Wiki iliyofuata mwenye mashine alileta mota mpya. Chokaa hakulalamika. Alisaidia kuibeba ile ya zamani hadi kwenye mkokoteni, akaipigapiga ubavuni kama mtu anayemuaga ng'ombe, na wanunuzi wa vyuma wakaenda nayo kuivunja watoe shaba. Moyoni alikuwa ametulia kabisa. Alijua kwamba sauti ya mota ile imeshahifadhiwa.

Jumamosi, mpwa alifika nyumbani na kompyuta yake mgongoni na macho mekundu ya mtu aliyekesha. Mama Pacha akamsogezea kiti na kikombe cha chai. Chokaa alinawa mikono mara mbili, kama anayekwenda kula, ndipo akavaa spika za masikioni.

Gitaa lilianza. Lilikuwa gitaa lake hasa, kila uzi mahali pake, hata msuguano wa kidole gumba ulisikika. Alingoja. Sauti yake mwenyewe ikaingia, ikasema habari za kisima. Bado alingoja. Alivua spika, akatazama waya, akauchomoa na kuuchomeka tena.

"Mashine iko wapi?"

Mpwa alitabasamu kwa uchovu na fahari. "Imeondoka yote, mjomba! Siku nne nimepambana nayo. Ilikuwa imekuingilia kila mahali, hata ndani ya pumzi. Sikiliza sasa, safi kama maji."

Chokaa alisikiliza tena. Wimbo uliosimama kwa miaka ishirini na sita ulikuwa sasa umening'inia hewani, bila sakafu. Viatu viliondoka nyumbani, lakini hapakuwa na nyumba. Alimsikia mzee mmoja akinong'ona peke yake, akizungushia maneno yake gitaa lisilolingana na kitu.

"Na ile yenye mashine?" aliuliza. "Ile chafu. Uko nayo?"

Tabasamu la mpwa lilianza kuisha kutoka upande mmoja wa mdomo. "Kazini hatutunzi chafu, mjomba. Ukishasafisha, unahifadhi juu yake. Mkono umezoea..." Alimtazama mjomba wake, kisha kompyuta, kisha mjomba wake. "Mashine ilikuwa ndani ya wimbo."

"Ilikuwa."

"Mungu wangu. Mjomba, nimefanya nini?"

"Umefanya kazi safi," alisema Chokaa, na hakika hakukusudia kuchoma, lakini binti aliinamisha kichwa juu ya meza na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Pacha alimwekea mkono mgongoni, akamkata mumewe jicho.

Hasira ilimpanda Chokaa, ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Katika asubuhi zote tatu hakuwahi kusema. Angesema nini? Kwamba mota ni mpigaji wa pili? Aliona haya kusema, akidhani kila mwenye masikio ataelewa. Hilo nalo, alijiambia, lilikuwa aina ya majivuno.

Walijaribu kuokoa kilichoweza kuokolewa. Mota mpya ilikuwa na sauti ya juu, ya puani, kama mbu aliyehitimu chuo. Chokaa alizikaza nyuzi zimfuate mbu huyo, na uzi wa kwanza ukakatika na kumchapa kidoleni. Alifunga mwingine, akazirudisha nyuzi zote zilipokuwa zamani, kwa kumbukumbu ya vidole. Mpwa naye alitengeneza mvumo kwa kompyuta, akaupima na kuurefusha, akaja nao mbio. Chokaa alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini huu haujawahi kusaga mahindi."

Baada ya hapo aliacha. Saa tano na nusu alipangusa mizani, au alisimama mlangoni akitazama barabara. Muuza mkaa aliuliza kama kuna msiba, akajibiwa hapana, akaondoka bila mzaha wowote, jambo lililokuwa baya zaidi. Mama Pacha aliendelea kuleta chakula saa sita. Sasa hakuwa na wimbo wa kumsimamisha kizingitini, na chakula kilikuwa cha moto, wala hakuna aliyekifurahia.

"Pengine hazikuwa nyimbo," alimwambia mkewe siku moja, akikoroga mchuzi bila kula. "Pengine ilikuwa mashine tu, na mimi nilikuwa nikiisindikiza."

Mama Pacha, ambaye kwa kawaida hakuacha sentensi ya mumewe ipite bila kuitoza ushuru, alichukua kifuniko akalifunika bakuli.

Jumapili alasiri Chokaa aliamua kulifunga gitaa. Aliketi uani juu ya kigoda, shuka kuukuu magotini, akaanza kufuta unga ulioingia kwenye maungio ya mbao miaka na miaka. Hakuzilegeza nyuzi, aliona ni kama kumvua mtu viatu akiwa usingizini. Hatua tatu kutoka kwake mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, akichambua maharage: mazima huku, yaliyotobolewa kule, vijiwe chini.

Aliliegemeza gitaa kifuani ili afute mgongo wake. Ndipo mbao zikamgusa mbavuni, kidogo sana, kama paka anayeota.

Alitulia. Alidhani ni moyo wake. Alipoweka ncha ya kidole juu ya uzi wa tatu bila kuubonyeza, uzi ulikuwa ukimtekenya. Hakuna aliyeupiga, wala hapakuwa na mashine yoyote iliyokuwa ikizunguka mtaani, ilikuwa Jumapili. Aliinua macho polepole. Mama Pacha alikuwa ameinamia ungo, midomo imefumbwa, akili yake iko mbali, na kutoka kifuani mwake ulitoka mvumo mmoja, usiopanda wala kushuka. Ulikuwa ule ule wa mota ya zamani, ila umesimama ngazi moja juu, kama mtoto aliyesimama mbele ya mzazi wake katika picha.

Chokaa hakuthubutu kupumua. Miaka ishirini na sita mtu huyu alikuwa amesimama kizingitini na bakuli mikononi.

"Endelea," alisema.

Mvumo ukakatika. "Niendelee na nini?"

"Na huo wimbo."

"Wimbo gani tena? Mimi nachambua maharage."

"Ulikuwa unavuma, Mama Pacha. Ulikuwa unavuma kama mashine."

"Makubwa! Miaka yote hii nimekuwa mke, leo nimekuwa mota?"

"Ile ya zamani. Ile nzuri."

Alimtazama ili aone kama anataniwa, akamkuta mumewe na macho yaliyojaa machozi na unga, akalainika. Alijaribu. Alinyoosha mgongo, akafumba macho, akatoa sauti yenye madoido na mtetemo kama mwanakwaya anayegombea nafasi ya mbele. Gitaa halikujibu lolote.

"Siyo hivyo."

"Basi ni vipi? Nifundishe, wewe unayejua!"

"Chambua maharage," alisema Chokaa.

Mpwa alifika siku iliyofuata baada ya kazi, mbio, na vyombo vyake. Ikathibitika kwamba ufundi wa Mama Pacha ulikuwa na sharti moja tu: mikono iwe na kazi, na mtu asimwangalie. Akitazamwa, alikuwa mwanakwaya. Akiachwa na ungo wake, baada ya dakika tano au sita akili ilikwenda zake na mvumo ukaja wenyewe. Hivyo walimgeuzia migongo wote wawili. Maikrofoni moja ilifichwa nyuma ya ndoo, ya pili mbele ya gitaa. Chokaa alikaa akiutazama ukuta, akangoja mpaka mbao zimtekenye mbavu, ndipo akaanza kudonoa.

Ilichukua jioni tano na maharage mengi. Yalipokwisha, walichanganya mazima na mabovu, wakamrudishia aanze upya. Aligundua siku ya tatu, akawatolea maneno ambayo mpwa aliyafuta kwenye rekodi kwa idhini ya wote. Wimbo wa viatu ulirudiwa mara nne kwa sababu Mama Pacha alikatiza ili kusema kwamba mwenye viatu alikuwa mjinga, angeweza kuvifunga kamba. Chokaa aliifikiria hoja hiyo kwa siku nzima, na hatimaye akaongeza ubeti.

Wimbo wa mwisho ulipokamilika, mpwa alivaa spika zake, akasikiliza kwa muda mrefu, mikono ameikumbatia kwapani kana kwamba haiamini.

"Mjomba," alisema kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuungua, "kuna jambo. Maharage yanasikika. Mwanzo mpaka mwisho. Sijagusa chochote. Niyaache?"

Chokaa alizipokea spika, akazivaa. Gitaa lilikuwapo. Sauti yake ya kunong'ona ilikuwapo. Na chini yake, palepale palipokuwa pamebaki shimo, ulikuwapo mvumo wa mkewe, mpana na mtulivu, na kisima kikainua jicho lake kuwatazama watu. Alisikiliza nyimbo tatu bila kusogea. Alipovua spika aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Ndiyo," alisema. "Hizi ndizo."

"Na maharage?"

Hapo alisita. Alizivaa tena, akakaza uso, akainamisha sikio la kulia, kisha la kushoto. Sauti nyembamba zilikuwa zimekwisha kumtoroka.

"Mimi siyasikii," alikiri. "Yakoje?"

Mama Pacha aliinuka kutoka kwenye mkeka, akamvua mumewe spika moja, akaibandika kwenye sikio lake mwenyewe, na wakabaki hivyo, vichwa vimegusana, waya mmoja ukiwaunganisha. Alisikiliza kwa utulivu asioutoa bure kwa mtu.

"Kama mvua inayoanza juu ya bati," alisema. "Inapiga kidogo, halafu inafikiri. Inapiga tena."

"Ni nzuri?"

"Ukiniuliza mimi," alisema Mama Pacha.

"Nimekuuliza."

Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Basi waache wageni waje," alisema, kisha akamgeukia binti. "Usiyaguse maharage yangu."